DAWA ZA WAZEE WETU ZITOKE MAFICHONI

Kila tarehe 31 Agosti, tangu mwaka 2003, nchi za Afrika huadhimisha Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika. Hotuba husomwa, mizizi na magome hupangwa mezani, wakubwa hupigwa picha, na kesho yake kila mtu hurudi alikokuwa. Mganga hurudi na mkoba wake, daktari hurudi na kalamu yake, na mgonjwa hubaki katikati, hajui amfuate nani. Sisi twaona kwamba jambo hili si la siku moja katika mwaka, wala si la maonyesho. Ni jambo la afya ya watu wetu na mali ya nchi yetu, na kwa sababu hii twataka wanachama walizungumze katika matawi.

Tuseme mapema ili tusieleweke vibaya. Hatumo miongoni mwa wale wanaocheka miti shamba kwa sababu wamesoma. Wala hatumo miongoni mwa wale wasemao kwamba kila jani ni dawa kwa sababu tu babu zetu walilichuma. Wote hao wawili wanakosea, na kosa lao ni moja: hawataki kupima. Wa kwanza amekwisha kukataa kabla hajapima, na wa pili amekwisha kukubali kabla hajapima. Sisi twasema hivi: dawa za wazee wetu ni hazina, lakini hazina iliyofukiwa haimnunulii mtu hata kibaba cha unga. Hapana budi ifukuliwe, ipimwe, iandikwe, na ilindwe.

DHARAU YA MKOLONI

Mkoloni alipokuja aliwakuta waganga wakitibu, wakunga wakizalisha, na mafundi wa kuunga mifupa wakiunga mifupa. Akawatia wote katika kapu moja na mchawi. Hata jina alilompa mganga katika lugha yake lilikuwa na uchawi ndani yake. Sheria zake zikafuata njia hiyo hiyo: Kenya ilipata sheria ya uchawi mwaka 1925, na Tanganyika ikapata yake mwaka 1928. Hatuwatetei wale waliotumia hirizi kuwatisha na kuwanyang'anya watu. Hao wapo hata leo, na twawachukia. Twasema tu kwamba mtu wa mizizi akifananishwa na mchawi atajificha, na mtu anayejificha hafundishi wengine, haulizwi maswali, na makosa yake hayaonekani mpaka mgonjwa amekwisha kufa.

Jambo la ajabu ni kwamba mkoloni huyo huyo aliyecheka magome yetu alikuwa akiishi kwa magome. Kwinini, ambayo bila hiyo homa za nchi hizi zingalimmaliza, hutoka katika gome la mti wa milima ya Amerika ya Kusini. Mapadri wa Kizungu walilipeleka gome hilo Ulaya katika karne ya 17. Wajerumani walipofungua kituo chao cha uchunguzi huko Amani, Usambara, mwaka 1902, mikwinini ilikuwa miongoni mwa miti waliyoipanda. Vita ya 1914 ilipozuka, na manowari za Waingereza zikafunga bahari, majeshi ya Kijerumani katika nchi yetu yalijitengenezea kwinini kutokana na magome ya milima ile.

Basi ndugu wananchi, tujiulize: hiyo haikuwa dawa ya miti shamba? Ilikuwa. Kilichoitofautisha na dawa ya mzee wa kijijini hakikuwa mti, wala rangi ya ngozi ya aliyeichemsha. Ilikuwa daftari na mizani. Walijua mti gani, gome lake lina nguvu kiasi gani, mgonjwa apewe kiasi gani, na akizidishiwa atapatwa na nini. Hivyo viwili, daftari na mizani, si mali ya Wazungu. Ni vya kila taifa linalotaka kuvitumia.

MFANO WA UCHINA

Kama yuko mtu anayeshuku, na atazame Uchina. Mwaka 1967, wakati wa vita ya Vietnam, askari walikuwa wakiuawa na malaria kwa wingi, na dawa za zamani zilikuwa zikishindwa. Serikali ya Uchina ikakusanya wataalamu wake watafute dawa mpya. Bibi Tu Youyou, ambaye hakuwa na shahada ya udaktari wa falsafa wala hakusoma nchi za ng'ambo, akapewa kuongoza kundi moja. Yeye na wenzake walikusanya mapishi ya dawa za kienyeji zaidi ya 2,000, kutoka katika vitabu vya kale na kutoka kwa waganga. Wakaipima miti mmoja baada ya mwingine. Mingi haikufaa.

Mmoja ulikuwa wa jamaa ya pakanga. Mara nyingine ulionyesha nguvu, mara nyingine haukuonyesha. Ndipo Bibi Tu aliporudi kwenye kitabu cha mganga aitwaye Ge Hong, kilichoandikwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, akaona kwamba mzee yule hakusema majani yachemshwe. Alisema yaloweshwe na kukamuliwa. Akatambua kwamba huenda moto ndio ulioiua dawa. Akatumia njia isiyohitaji joto kali, na mwaka 1971 dawa ikashinda vimelea katika panya na nyani. Mwaka uliofuata, kabla ya kuwapa wagonjwa, yeye na wenzake waliinywa wenyewe. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Sasa tazameni jambo hili linavyotugusa sisi. Tanzania ilianza kutumia dawa mseto ya malaria mwishoni mwa mwaka 2006, kwa kuwa dawa za kabla yake zilikuwa zimezoeleka kwa vimelea. Ndani ya kidonge kile cha mseto mnachopewa zahanati imo dawa iliyotokana na mmea ule wa Uchina. Mama anayempa mwanawe mseto anampa urithi wa mganga wa kale, lakini urithi uliopita katika mizani. Ge Hong aliandika, na kwa sababu aliandika, mjukuu wa wajukuu wake aliweza kumsoma baada ya karne kumi na sita. Na sisi, mzee wa kijiji chetu aliyefariki mwaka jana na mkoba wake, nani atamsoma?

UZALENDO HAUPONYI MARADHI

Hapa twataka kusema neno gumu kidogo, na twalisema kwa kuwa ni gazeti la watu wanaoipenda nchi yao. Kupenda cha kwetu si sababu ya kutosha ya kukinywa.

Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale aliwapa watu wa kusini maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama. Maji yale yaliwaunganisha watu wa makabila mengi dhidi ya Mjerumani, na heshima yake haitafutika. Lakini hayakuzuia risasi, na maelfu ya mashujaa walikufa wakiamini kwamba yatazuia. Tunawaheshimu mashujaa hao zaidi kwa kusema kweli juu ya jambo hilo.

Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Loliondo, katika kijiji cha Samunge. Mzee Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa iliyochemshwa kutokana na mti ambao wenyeji huuita mugariga, na wataalamu wakautambua kuwa mtandamboo. Bei ilikuwa shilingi 500 tu. Watu waliambiwa kwamba kikombe kimoja chaponya UKIMWI, kisukari, saratani, pumu na shinikizo la damu. Magari yalipanga foleni kwa kilomita nyingi. Wanyonge walikwenda, na wakubwa wakaenda. Wengine walitolewa vitandani hospitali, wakafia njiani. Wengine waliacha vidonge vya UKIMWI na vya kisukari. Haikupata kuthibitishwa kwamba kikombe kile kiliponya maradhi hayo. Mzee yule alifariki mwaka 2021, na hatuna haja ya kumsema vibaya. Hakuwa mtu wa kutoza bei kubwa. Twasema juu yetu wengine. Mtandamboo ni mti wenye historia ya udawa katika makabila kadhaa, na ulistahili kupimwa. Lakini kupima kulikuja nyuma ya foleni badala ya kuitangulia.

Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia, jambo lilijirudia. Watu walijifukiza, na ndege ikatumwa Bukini mwezi Mei kuleta kinywaji cha pakanga. Mvuke wa majani humpa mtu aliyezibwa pua nafuu, na hakuna ubaya mtu akijifukiza kwa uangalifu asijichome. Lakini nafuu ya pua si kuua kirusi, na wala kinywaji kile hakikuthibitishwa kuwa kinaponya. Virusi havijui bendera. Havimwogopi mzalendo wala havimpendelei.

Tena tujue kwamba kitu cha asili chaweza kudhuru. Mnanaha ni wa asili, na humtia mtu wazimu na kumwua. Mafuta ya mbegu za mwarobaini ni ya asili, na yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa. Na katika nchi mbalimbali wakaguzi wamekuta vifurushi vya dawa ziitwazo za asili, hasa zile za nguvu za kiume, vimechanganywa kwa siri na dawa za viwandani. Anayewauzia watu kitu cha namna hiyo chini ya jina la wazee wetu anawaibia wazee hao jina lao zuri.

Hata pakanga yenyewe yatufundisha jambo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2019 kwamba haliungi mkono kutibu malaria kwa chai ya majani yake. Sababu si dharau. Sababu ni kwamba kiasi cha dawa katika majani hubadilika kutoka shamba hadi shamba, na mara nyingi ni kidogo; mgonjwa hupata nafuu ya siku chache kisha homa humrudia, na vimelea vilivyobaki hujifunza kuishi na dawa. Tayari vimelea vinavyoanza kuizoea dawa hiyo vimeonekana Rwanda, Uganda, na kwetu Kagera. Mseto ukishindwa, watakaozikwa ni watoto wetu.

SIRI NA WIZI

Waganga wengi watatujibu: mwatwambia tutoe siri zetu, nani atatulinda? Swali hili ni la haki, nasi hatulikimbii. Mganga ameona wasomi wakija na madaftari, wakauliza jina la mti na maradhi yake, wakashukuru, wakaenda zao, na asisikie habari zao tena. Siri kwake ni shamba lake. Nani atampa mgeni shamba lake bure?

Na wizi upo kweli. Manjano, ambayo mama zetu wa pwani huipaka hata maarusi, ilitolewa hataza Marekani mwaka 1995 juu ya kuponya vidonda. Hataza ni hati ya serikali impayo mtu haki ya peke yake juu ya ugunduzi. Wahindi, ambao wazee wao walikuwa wakipaka manjano vidondani tangu zamani za kale, walileta ushahidi wa maandishi, na mwaka 1997 hati ile ikafutwa. Mwarobaini, mti uliotufikia kutoka Bara Hindi na tukaupa jina la maradhi arobaini, nao ulinyang'anywa. Mwaka 1994 ofisi ya hataza ya Ulaya iliipa kampuni moja ya Kimarekani, pamoja na wizara ya kilimo ya nchi hiyo, haki juu ya kutumia mafuta yake kuua ukungu wa mimea, jambo ambalo wakulima wa India walilijua. Wahindi na wenzao walipigana. Hati ikafutwa mwaka 2000, na rufani ikashindwa mwaka 2005.

Waliwashinda kwa nini? Hawakuwashinda kwa siri. Siri isingewasaidia hata kidogo, maana mahakamani hakuna awezaye kuonyesha kitu ambacho hakikuandikwa. Waliwashinda kwa maandishi. Mwaka 2001 Serikali ya India ilianza kuziandika dawa zake za jadi katika hazina moja kubwa, kwa lugha ambazo wakaguzi wa hataza huzisoma, ili mwizi akija akute jina la mwenyewe limekwisha kuandikwa mlangoni. Dunia nayo imeanza kusogea: mkataba wa Nagoya, uliokubaliwa mwaka 2010, wataka mwenye mti na mwenye elimu wapate sehemu ya faida, na mwezi Mei 2024 huko Geneva ulikubaliwa mkataba mwingine, wa kumtaka mwombaji wa hataza aseme mti wake ameutoa wapi na elimu yake kwa nani. Lakini mikataba humfaa aliyejiandaa. Wazee walisema mficha uchi hazai. Mganga anayeficha kila kitu hana mrithi, hana shahidi, na hana dai.

MITI YENYEWE INAKWISHA

Kuna wizi mwingine, nao ni wetu wenyewe. Katika misitu ya milima, Kilimanjaro, Kenya, Kameruni hata Bukini, uko mti ambao Wagikuyu huuita mwiri, na wataalamu huuita Prunus africana. Gome lake hutumika Ulaya kutengeneza vidonge vya wazee wa kiume wenye tabu ya mkojo. Biashara hiyo ilipopamba moto, watu waliambua magome mti mzima kuzunguka, na mti ulioambuliwa hivyo hufa ukiwa umesimama. Hali ikawa mbaya hata mwaka 1995 biashara yake ikatiwa chini ya ulinzi wa mkataba wa dunia. Mwafrika aliuza gome kwa bei ya kuni, akanunua kidonge kwa bei ya dhahabu, kisha akabaki na kisiki. Huo ndio ukoloni tunaoujenga kwa panga zetu wenyewe.

YATUPASAYO KUFANYA

Mambo haya yanawezekana, maana yamekwisha kuanza. Ghana ilifungua kituo cha kuchunguza dawa za mimea huko Mampong-Akuapem mwaka 1975. Kwetu, Muhimbili ilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili mwaka 1974, na mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Sheria ya tiba asili ya mwaka 2002 ilitupa Baraza la kuwasajili waganga. Huko Tanga, katika miaka ya 1990, wakati vidonge vya UKIMWI vilikuwa havijawafikia wanyonge, waganga na wafanyakazi wa hospitali walikaa pamoja, wakawahudumia wagonjwa kwa miti ya kupunguza maradhi yanayonyemelea. Hawakudai kuuponya UKIMWI. Walidai kupunguza mateso tu, na kwa kusema kweli hiyo waliaminika.

Basi twawaomba wanachama watende haya.

Kwanza, mgonjwa atangulie. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati akapimwe damu siku hiyo hiyo, kabla ya jani lolote. Aliyepewa vidonge vya kisukari, vya shinikizo la damu au vya UKIMWI asiviache kwa ajili ya kikombe cha mtu. Mama mjamzito asinywe mizizi bila kumwambia mkunga. Na mgonjwa anayetumia miti amwambie daktari bila aibu. Naye daktari asimgombeze, maana akimgombeza leo, kesho atafichwa.

Pili, tuandike. Kila tawi lina vijana waliosoma na wazee wanaojua. Wakutane. Kijana afike kwa adabu, aombe ruhusa, aandike jina la mti katika lugha ya mahali, sehemu inayotumika, namna ya kuitengeneza, kiasi chake, maradhi yake na madhara yake. Jina la mzee liandikwe juu ya ukurasa, nakala ibaki kwake, na kisitoke kitu chochote bila idhini yake. Walimu wa shule wanaweza kuwa makatibu wazuri wa kazi hii.

Tatu, tupande. Tangawizi hutuliza kichefuchefu, mlonge ni mboga yenye kumfaa mtoto, na mchaichai hupendeza mezani. Vyote hivi vyaota uani. Miti ya misituni ipandwe mashuleni na kando ya mashamba, na anayetaka gome achukue upande mmoja, auache mti uishi.

Nne, waganga wa kweli wajiandikishe. Mganga aliye wazi ndiye atakayetusaidia kumtambua laghai.

Tano, Serikali iongeze fedha za kupimia, na matokeo yatangazwe kwa Kiswahili, yakiwa mazuri au mabaya. Dawa ikifaulu, mzee aliyeionyesha na kijiji chake wapate fungu lao kwa mujibu wa sheria, si kwa hisani. Ikishindwa, wananchi waambiwe vile vile.

Wapo watakaosema kwamba kupima ni kuwatilia mashaka wazee. La hasha. Mtu hapimi kitu anachokidharau, hukitupa. Tunapima dhahabu kwa kuwa ni dhahabu. Mwacha asili ni mtumwa, hilo ni kweli. Lakini anayeikumbatia asili katika giza, akakataa kuileta mwangani, atakuta siku moja kwamba mwingine ameichukua, ameiandika jina lake, naye anaambiwa ainunue.

Ndugu wanachama, wazee wenye elimu hii wangali hai katika vijiji vyetu, lakini si wengi, na hawatungoji. Mkutano ujao wa tawi uweke jambo hili katika ajenda. Chukueni daftari.